Mwalimu Aliyeogopa Damu

Sijawahi kukutana na mwoga kama Mwalimu, na anayesema hivi ni mtu ambaye radi ikipiga hujifungia chooni. Alizaliwa kijiji gani na wazee wake walikuwa nani, sikuuliza. Nilijua tu kwamba kwao ni upande wa Mbale, chini ya mlima, kama kwao mume wangu, na kwamba alikuja Jinja kufundisha wasichana mapishi, ushonaji na huduma ya kwanza. Sote tulimwita Mwalimu. Hata muuza mkaa wa pale mtaani kwetu Masese, kando ya ziwa, mzee aliyemzidi umri kwa mbali, alimwita Mwalimu na kuvua kofia.

Nyumba zetu zilitazamana. Mimi ni Mkenya wa mpakani, nimeolewa na Mgisu aliyekuwa dereva wa lori la samaki, akipakia ziwani Masese na kushusha Mbale. Kiswahili ndicho nilichokulia. Lakini miaka ile, Uganda ilipokuwa mikononi mwa wanajeshi, Kiswahili kilikuwa lugha ya kutisha. Ukikisikia mlangoni kwako ulijua wamekuja. Mimi mgeni hilo sikuwa nalijua vizuri. Siku niliyokwenda kujijulisha kwa jirani, nilisimama mlangoni kwa Mwalimu nikapiga hodi kwa sauti yangu hii ya kuuzia samaki. Kimya. Nikapiga tena, nikasikia sufuria ikianguka. Binti yangu Nambozo akachungulia dirishani akaniambia, "Mama, kuna mtu chini ya kitanda."

Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kichwani. Alinitazama, akamtazama mtoto, akashika fremu ya mlango.

"Mimi nafikiri ni serikali," akasema.

Tangu siku hiyo nikawa nakohoa kwanza, kisha namtaja Nambozo, ndipo nabisha. Na cha ajabu, mwanamke huyo aliyekimbia Kiswahili cha mlangoni alikuwa akipika huku redio ikiimba nyimbo za mapenzi za Kiswahili, naye anaziimba zote, maneno nusu ameyakosea. Nikimcheka anazima redio na kuninunia mpaka kesho yake.

Sasa mtu ataniuliza, mwoga namna hiyo alifundishaje huduma ya kwanza? Nami nilimuuliza. Alinijibu bila aibu kwamba akiona damu miguu yake inakwisha nguvu, basi yeye hukaa chini kabla haijamwangusha. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: ameketi chini, miguu ameinyoosha, mgonjwa amelazwa mbele yake. Mikono ilimtetemeka mpaka ilipoingia kwenye maji. Akimaliza anaomba radhi kwa adabu, anakwenda nyuma ya nyumba, tunamsikia akitapika. Kisha anarudi kuuliza kama chai ipo.

Darasani hakutumia picha. Alitumia mgomba. Alikuwa akiwaambia wasichana wakate shina la mgomba, walichome kisu kirefu mara mbili, na wasukumie udongo ndani ya matundu yale. Shina la mgomba ni tabaka juu ya tabaka, na udongo ukishaingia unajificha katikati ya tabaka hizo. Tundu moja walilimwagia maji ya kuchemsha yaliyopoa, birika baada ya birika, mpaka yatoke meupe, wakaliacha wazi, limefunikwa kitambaa tu. Lingine walilifuta juu likapendeza, wakalishona kwa uzi. Wiki iliyofuata alifungua yote mawili mbele yao. Binti ya muuza mkaa aliniambia harufu ya lile lililoshonwa iliwatoa darasani, na Mwalimu alikuwa wa kwanza kutoka.

"Umeona?" alikuwa akiwauliza, pua ameziba na kitambaa. "Juu nzuri, ndani naoza. Hii kidonda ya ndani sana, wewe usifunge haraka. Safisha, acha wazi, funika, peleka hospitali."

Vitambaa vyake vilikuwa shuka kuukuu alizozichana, akazichemsha, akazianika juani, kisha akazipiga pasi ya mkaa pande zote mbili, na kuziweka kwenye kopo la biskuti ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nilipata kuazima kijiko chake, nikaazima mwavuli, nikaazima hata kiatu. Lile kopo nililigusa mara moja tu nikifagia, akalichemsha lote upya na kunyamaza nami jioni nzima. Na mtu huyohuyo, mbele ya macho yangu, alikuwa akinunua muhogo wa kuchoma kando ya njia na kuula na vumbi lake.

Masese kila kundi lilikuwa na dawa yake ya kidonda, na Mwalimu aligombana na wote. Wavuvi walimwagia petroli. Madereva walimwagia maji ya breki. Wagisu wenzake, watu wa kahawa, walipaka kahawa ya unga, kwa sababu inanyonya damu na kidonda kinaonekana kimekauka. Aliwaambia inaonekana kimekauka kwa sababu hawaoni ndani. Walimsikiliza kwa heshima, wakaenda zao, wakapaka kahawa.

Mume wangu alikuwa Mgisu na dereva.

Ilikuwa mchana, katika zile siku ambazo serikali ilikuwa inaanguka na hakuna aliyejua jeshi lipi liko wapi. Tulizoea kusikia mizinga ng'ambo ya mto, mbali. Siku hiyo haikuwa mbali. Kitu kilipiga karibu na vibanda vya samaki, mabati yakaruka hewani, na bati moja likamkata mume wangu pajani alipokuwa akishuka kwenye lori. Hakuniita. Alikaa kwenye gari, akachota kahawa kwenye kopo lake la safari, akajaza kidonda, akafunga shati, akaja nyumbani kwa miguu yake. Nilimwona mlangoni nikafikiri amemwagikiwa na mafuta.

Nilipiga kelele nikimwita Mwalimu. Nilisahau kukohoa, nilisahau kila kitu. Alikuja na lile kopo kwapani na birika mkononi, uso umemgeuka majivu, akakaa chini palepale kizingitini.

"Mlaze," akasema. "Bonyeza na hii kitambaa. Kwa nguvu. Usichungulie."

Nilibonyeza mpaka mikono ikafa ganzi. Kila nikitaka kuinua nione, alinipiga kofi mkononi. Damu iliposimama, akanawa kwa sabuni mpaka viwiko, akaanza kusafisha. Maji ya chumvi, yamechemka na kupoa, anayamimina kutoka juu yatiririke, na kahawa ikawa inatoka kama matope. Kidonda kilikuwa kirefu. Nilikitazama mara moja tu na hiyo mara moja inanitosha.

Mume wangu alilala kimya kama ukuta. Wale wasiowajua Wagisu nitawaeleza: kijana wao hutahiriwa hadharani, amesimama, mbele ya ukoo na majirani, na haruhusiwi hata kupepesa jicho. Akitikisika ni aibu ambayo atazeeka nayo. Mume wangu alisimama vizuri siku yake, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akisema kitu kinauma. Mwalimu aliweka birika chini.

"Baba Nambozo, hapa inauma?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Wewe mwana wa kwetu, sikiliza. Hapa si uwanja wa kutahiri. Hakuna mtu nakuangalia. Mimi siwezi kuona ndani, macho yangu nafika hapa tu. Kama kipande ya bati imebaki, ni wewe najua. Wewe ukinyamaza, mimi nafanya kazi kipofu. Kwa hivyo piga kelele."

Mwalimu, huku machozi yanamtoka kwa hofu, aligusa tena upande wa nyuma, na safari hii nikaona vidole vya mume wangu vikikunjika kwenye mkeka. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "Hapo. Hapo inauma sana." Mwalimu alisimamisha maji. Alisema kuna kitu kimezama huko na yeye hatakivuta, kwa maana huenda ndicho kilichozuia damu, na kwamba hiyo ni kazi ya daktari, pamoja na sindano ya pepopunda. Akafunika kidonda kwa kitambaa bila kukikaza, akaenda nyuma ya nyumba kutapika.

Hospitali ilikuwa mjini, si mbali. Katikati yetu na hospitali kulikuwa na kizuizi cha askari. Na askari wa siku zile, wanaoshindwa, hawakumpenda mwanamume mwenye kidonda. Aliye na kidonda ama ni mwasi aliyepigwa risasi, ama ni mwenzao aliyetoroka. Fundi wa nyavu jirani yetu alisimamishwa pale na bandeji mkononi, akatolewa kwenye foleni, na mkewe mpaka leo hajui alizikwa wapi. Basi tukakaa nyumbani, na mimi nakwambia sijui kama kuna hofu iliyozidi ile, ya kuogopa kukaa na kuogopa kutoka kwa wakati mmoja.

Asubuhi na jioni Mwalimu alikuja. Aliosha, alibadilisha kitambaa, alininusisha. Ndiyo, alininusisha, kwa sababu alisema pua ya muuza samaki haidanganyiki. Alichukua kalamu ya wino na kuchora mstari kuzunguka wekundu wa paja. Ukibaki ndani ya mstari, alisema, tunaweza kumshukuru Mungu. Ukivuka, hakuna kungoja, hata kama njia imejaa chui. Kila asubuhi alimwambia mume wangu afungue mdomo, aupanue, acheke, akiangalia kama taya limeanza kukaza. Mume wangu alisema amechoka kuchekea mtu anayelia.

Kisha asubuhi moja wekundu ukavuka mstari. Niliuona mimi, akauona na yeye. Paja lilikuwa la moto na mume wangu alikuwa akizungumza na turniboi wake, msaidizi wa lori, ambaye hakuwamo chumbani. Nilimtazama Mwalimu nikingoja aseme twende. Alivuta kifuniko cha kalamu, akachora mstari mwingine, wa nje zaidi.

"Tungoje kesho," akasema.

Na mimi nilikuwa nimefurahi kusikia hivyo.

Kesho yake alikuja kabla sijawasha jiko, amevaa gauni lake la shuleni, mkoba begani. Hakuangalia mstari wa pili. Alinusa tu kutoka mlangoni. "Leta baiskeli," akasema. Tulimpandisha mume wangu kwenye kiti cha nyuma, mimi nasukuma mbele, Mwalimu anashikilia nyuma. Njia nzima nilisikia meno yake yakigongana. Nilimwambia arudi, niende peke yangu, kwa sababu angalau mimi Kiswahili ninakijua. Alisema, "Nyamaza, nikirudi sitatoka tena."

Kizuizini tulikuta askari watatu na gogo limelazwa barabarani. Mkubwa wao alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Nilijieleza kwa Kiswahili changu chote: afande, ni dereva, amekatwa na bati, sisi ni raia. Hakunisikiliza. Alikuwa akitazama paja.

"Hiyo ni risasi," akasema. "Fungua nione."

"Ni bati, afande."

"Nimesema fungua."

Nilifungua. Aliinama, akanyoosha mkono wake uliotoka kushika bunduki, gogo na sijui nini kingine, kidole mbele, akitaka kukiingiza kidondani atafute risasi. Na Mwalimu akaudaka ule mkono.

Wale askari wengine wawili waliinua bunduki. Mwalimu alikuwa ameushika mkono wa afande kwa mikono yake yote miwili, na anatetemeka hivi kwamba hata mkono wa yule mtu ulitetemeka.

"Afande," akasema. "Nawa kwanza."

"Unasema nini wewe?"

"Mimi naogopa wewe. Mimi naogopa wewe sana, afande, tangu nyumbani. Lakini hiyo kidole naogopa zaidi. Kama unataka kuangalia, angalia. Lakini nawa."

Akamwachia, akakaa chini barabarani, akatoa chupa ya maji kwenye mkoba, na sabuni. Nilifumba macho. Nilisubiri mlio, na nilichosikia ni maji yakimwagika. Nilipofumbua, afande alikuwa amechuchumaa mbele ya Mwalimu, ametandaza viganja, naye anammiminia na kumwambia asugue na katikati ya vidole, na kucha pia. Alisugua. Alipomaliza alisimama na mikono yake misafi ikidondoka maji, akakitazama kidonda kwa karibu, akapata ile harufu. Alirudi nyuma hatua.

"Nendeni," akasema. Tukaenda. Sijawahi kusukuma baiskeli namna ile.

Hospitali ilikuwa imejaa mpaka barazani, na walituruhusu kubaki mtu mmoja tu kwa mgonjwa. Walimchoma sindano, wakampeleka kukifungua kidonda upya. Daktari alitoka akaniambia uchafu umeshafika ndani sana, nisiweke matumaini makubwa. Mwalimu alisikia maneno hayo akiwa amesimama dirishani nje. Niliona uso wake ukizama. Alinikabidhi kopo lake la vitambaa, lile lisilogusika, akaondoka bila kuaga. Siku zilizofuata jeshi lile lilikimbia kupitia Masese likipora nyumba kwa nyumba, na majirani waliniambia Mwalimu alionekana kwenye barabara ya kwenda kwao, miguu mitupu, pamoja na umati wa watu. Mume wangu alipoweza kuketi, sisi na Nambozo tulichukuliwa na ndugu zangu tukavuka mpaka. Tukakaa Kenya miaka, tukasikia serikali zinabadilika kwenye redio, na kila tulipouliza habari za Mwalimu tuliambiwa walimu wengi walikufa.

Tuliporudi, Uganda ikiwa imetulia, hatukurudi Jinja. Tulianza Mbale, kwenye maduka ya jumla. Mimi na dagaa zangu upande huu wa barabara, mume wangu na vitunguu upande ule, karibu na msikiti. Siku moja asubuhi mzee mmoja wa kike akapita mbele ya magunia yangu, mwavuli umefunguliwa na jua halijatoka bado. Aliponiona alipinda kona haraka mno kwa umri wake.

"Mwalimu," nikaita.

Alisimama. Alirudi polepole, akanisalimia salamu zote za kwao, zile ndefu. Aliniuliza habari za mama yangu. Aliniuliza Nambozo ameolewa, amezaa, wangapi. Aliniuliza dagaa zinatoka ziwa gani siku hizi na kama mvua imeharibu. Nilijibu yote, nami nikashangaa ni kwa nini haulizi moja.

"Mama Nambozo," akasema, akiangalia dagaa. "Alikufa siku gani?"

"Nani?"

"Mimi naliona mstari umepita. Naliona na macho yangu. Nafundisha watoto wa watu usingoje, na mimi nasema tungoje kesho. Hiyo siku moja nalala nayo, naamka nayo. Niambie tu siku gani, nijue."

Nilimshika bega nikamgeuza atazame ng'ambo, pale kwenye vitunguu. Hakuamini. Alisema yule ni mnene, yule si yeye. Nilimwambia basi tuvuke, akakataa, akashika gunia langu kwa mkono wote. Ikabidi nimwite mume wangu kwa kupunga kitenge. Aliacha mzani, akavuka barabara akija kwetu, katikati ya baiskeli na mikokoteni, na Mwalimu akiangalia mguu ule tu, hakuangalia uso.

"Unachechemea," alimwambia alipofika, kwa sauti ya kukaripia.

"Ndiyo, Mwalimu. Kidogo."

Mwalimu alikaa chini palepale, juu ya lami, miguu ameinyoosha, mwavuli pembeni. Watu walianza kusimama kutazama. Mume wangu aliinama amwinue, lakini Mwalimu akausukuma mkono wake.

"Tembea," akasema.

Mume wangu alinitazama mimi, kisha akatembea mpaka kwenye lango la msikiti na kurudi.

"Tena."

Akatembea tena.